Gari la Chama Linapopungukiwa Nguvu: Namna ya Kuitafuta Hitilafu kabla ya Kununua Spea

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama na wanachama wanaojifunza kwa vikundi. Shabaha yake si kumgeuza katibu kuwa fundi wa magari, kwani ufundi una wenyewe. Shabaha ni kumwezesha katibu, pamoja na halmashauri inayomsimamia, kujua mambo yapasayo kuulizwa kabla ya kutia saini hati ya malipo ya matengenezo. Chama chenye gari moja kikilikosa gari hilo kwa wiki moja hukosa mauzo ya wiki nzima. Na chama kinacholitengeneza gari kwa kubahatisha hulipa mara tatu kwa hitilafu moja.

Kanuni ya somo zima ni hii: dalili si maradhi. Injini kukosa nguvu ni dalili tu, na dalili hiyo moja huweza kuletwa na sababu nyingi zilizo mbalimbali. Anayenunua spea kabla ya kupima ni sawa na anayenunua dawa kabla ya mgonjwa kuonwa na tabibu.

KISA CHA MFANO

Ichukuliwe mfano wa chama cha wauza mboga na matunda chenye ofisi yake Mpendae, mjini Unguja. Chama hicho kina gari dogo la mizigo, la petroli, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya Zanzibar. Kila alfajiri gari hupita Mwera na Dunga kwenda mashamba ya Bambi, likarudi na mihogo, ndizi na mchicha kabla soko halijachangamka.

Wakati wa masika gari lilichemsha njiani, kwa kuwa rejeta ilikuwa ikivuja. Fundi wa karibu aliiziba, lakini kabla ya kufunga alitoa thamostati, akasema kwamba nchi hii ni ya joto na kitu kile hakina kazi. Gari halikuchemsha tena, na kila mtu akaridhika. Katika daftari la malipo katibu aliandika maneno mawili tu: "matengenezo gari".

Miezi minne baadaye injini ilianza kuwa nzito. Ilimisi ilipokanyagwa mafuta, na petroli ikawa inakwisha upesi kuliko desturi. Zilinunuliwa plagi mpya. Gari likaenda vizuri kwa siku kumi, kisha plagi zikawa nyeusi tena. Nozeli zikasafishwa. Pampu ya mafuta ikabadilishwa. Hali ikabaki ile ile, na fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mgawo wa wanachama zikawa zimekwisha.

Ndipo katika kikao cha halmashauri ikazuka shutuma kwamba mafuta yanauzwa njiani. Dereva, mtu mzima aliyekitumikia chama tangu siku gari lilipofika, aliitwa ajieleze. Alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina la kuongeza. Gari lipimwe, na mimi nipimwe nalo." Mjumbe mmoja akapendekeza aachishwe kazi siku ile ile. Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa wiki mbili ili gari lipimwe kwanza. Mwisho wa kisa hiki utaelezwa baada ya kuonyesha jinsi upimaji unavyofanywa.

INJINI HUTAKA MAMBO GANI

Injini ya petroli ya mwendo wa hatua nne, aliyoiunda Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, hadi leo hufanya kazi kwa utaratibu ule ule. Pistoni hushuka ikafyonza hewa na mafuta, hupanda ikavikandamiza, cheche ya plagi huviwasha na mwako huisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha pistoni hupanda tena ikatoa moshi. Kwa hiyo injini hiyo huhitaji mambo manne: hewa, mafuta, cheche na mgandamizo. Yote manne yapatikane kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Kwa mwako ulio kamili, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa.

Injini ya dizeli, ambayo mwanzilishi wake Rudolf Diesel aliifanikisha katika majaribio ya mwaka 1897, haina cheche. Hewa pekee hukandamizwa mpaka ikawa moto sana, kisha dizeli hurushwa ndani kwa nozeli ikawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo anayetafuta hitilafu katika injini ya dizeli haulizi habari za cheche. Huuliza zaidi habari za mgandamizo, pampu na nozeli.

Liko jambo la tano ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni joto la kazi. Injini imeundwa ifanye kazi maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi hivi. Thamostati ni mlango mdogo uliopo katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji yasipite kwenye rejeta. Injini ikishapata joto mlango hufunguka. Hata mchana wa jua kali katika Unguja hewa huwa na joto la nyuzi 30 na kidogo tu. Baina ya 30 na 80 pana masafa makubwa, na ndiyo maana nchi ya joto haiondoi haja ya thamostati.

JE, KOSA NI LA INJINI KWELI?

Kabla ya kufungua boneti, yafaa kuhakikisha kwamba injini ndiyo yenye kosa. Mambo manne huifanya injini nzima ionekane mbovu.

La kwanza ni breki zinazoshika. Gari likisha kwenda kilomita chache bila breki kutumika sana, dereva asimame akaribishe mkono kwenye kila gurudumu pasipo kuligusa chuma. Gurudumu lenye joto kupita mengine lina breki isiyoachia.

La pili ni klachi inayoteleza. Injini hunguruma na mzunguko wake hupanda, lakini mwendo wa gari hauongezeki. Hapo nguvu ipo, ila haifiki kwenye magurudumu.

La tatu ni upepo mdogo katika matairi, na la nne ni mzigo uliopita kiasi. Gari lililoandikiwa kubeba kilo 750 likipakiwa kilo 1,200 za mihogo halina maradhi yoyote, lina dhuluma.

DALILI NA MAANA YAKE

Moshi husema mengi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli inavuja, au injini inapewa mafuta ya kuamshia ilhali imekwisha amka. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda, kwa ringi au vali zilizochakaa. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikisha pata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni ishara ya gasketi ya kichwa cha silinda iliyopasuka. Katika injini ya dizeli moshi mweupe huweza pia kuwa dizeli isiyoungua. Lakini mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi ni jambo la kawaida, wala mtu asibabaike nao.

Plagi nayo ni shahidi. Ikitolewa na ncha yake ikaonekana ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu, mwako ni mwema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, oili inapenya. Ikiwa nyeupe kama iliyoungua, joto limezidi au mafuta yamepungua. Plagi zote zikilingana kwa rangi, sababu ni moja inayoigusa injini nzima. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, kosa litafutwe katika silinda ile.

Wakati ambapo dalili hutokea una maana vilevile. Injini inayomisi wakati wa kupanda mwinuko tu, yumkini inakosa mafuta ya kutosha au cheche yake ni dhaifu. Inayozimika katika mwendo wa silensa, yaani inapowaka bila kukanyagwa mafuta, lakini ikawa nzuri katika mwendo wa kasi, yumkini inavuta hewa ya wizi kupitia mpira uliopasuka. Inayoanza vizuri ikachoka baada ya nusu saa, huenda koili inapoteza nguvu ikipata moto, au bomba la moshi limezibwa na masega yaliyoyeyuka. Kwa hiyo dereva asiseme tu "gari bovu". Aseme ni lini, wapi, kwa mwendo gani, likiwa na mzigo au bila mzigo, likiwa baridi au moto.

UTARATIBU WA KUPIMA

Utaratibu ulio mwema huanza na jambo rahisi na la bei ndogo, ukaishia kwenye jambo gumu na la gharama. Tena hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitu vitatu siku moja na gari likapona, hapana atakayejua ni kipi kilichoponya; na lisipopona, hapana atakayejua kama kimojawapo hakikuongeza kosa jipya.

Hatua ya kwanza ni kuuliza na kusoma. Kitu gani kilifanywa katika gari hili kabla ya dalili kuanza? Swali hili halina gharama hata senti, nalo hupunguza nusu ya kazi.

Hatua ya pili ni kutazama. Oili ipimwe kwa kijiti chake. Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani mvuke huunguza uso. Mipira ya hewa na waya zikaguliwe, hasa kwa gari lililokaa karibu na bahari, ambako chumvi ya hewa hula vichwa vya waya.

Hatua ya tatu ni hewa. Chujio la hewa litolewe likapigwe mwanga wa tochi. Barabara za mashamba zina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na chujio lililoziba ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote.

Hatua ya nne ni umeme na cheche. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kipimo kipande hadi baina ya volti 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, altaneta haichaji vema, na umeme ukipungua, cheche na pampu hudhoofika pamoja. Kisha zitazamwe plagi na koili.

Hatua ya tano ni mafuta. Chujio la mafuta likaguliwe, na nguvu ya pampu ipimwe kwa geji. Pampu isibadilishwe kwa kudhaniwa tu. Kazi hii ifanywe mahali pa wazi, betri ikiwa imefunguliwa wakati wa kufungua mabomba, pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Hatua ya sita ni joto. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, mpira mkubwa wa rejeta ulio upande wa thamostati hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafla thamostati inapofunguka. Ukianza kupata vuguvugu tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi au haipo.

Hatua ya saba ni mgandamizo. Fundi huchomeka geji mahali pa plagi na kuizungusha injini. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma baina ya paundi 150 na 190 kwa inchi mraba, na silinda zisitofautiane sana. Silinda ikisoma chini, hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, kosa ni la ringi. Kisipopanda, kosa ni la vali au gasketi. Hapo tu ndipo panapofaa kuzungumzwa habari ya kufungua injini.

MAFUTA MACHAFU NA MAJI YA MVUA

Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini ya tanki, pale pale pampu inapofyonza. Tanki linaloachwa nusu tupu kila usiku katika hewa yenye unyevu kama ya visiwani hukusanya matone ya maji ndani yake. Njia rahisi ya kupima ni kutoa mafuta kidogo katika chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Maji yataonekana yamejitenga chini.

Uchanganyaji wa mafuta ya taa ni jambo jingine. Mafuta ya taa yakitiwa katika petroli, injini hugonga na kukosa nguvu. Yakitiwa katika dizeli hupunguza ulainishaji, na pampu na nozeli huchakaa kabla ya wakati. Huko Tanzania Bara EWURA ilianza mwaka 2010 kuyatia vinasaba mafuta yaliyolipiwa kodi, ili yanapochanganywa vipimo vionyeshe upungufu. Na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Zanzibar msimamizi wa biashara ya mafuta ni ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Chama chenye shaka na mafuta kihifadhi risiti na sampuli katika chupa safi iliyofungwa, kisha kipeleke malalamiko mahali panapohusika. Malalamiko yasiyo na sampuli wala risiti ni maneno tu.

Maji ya mvua nayo yana hatari yake. Wakazi wa Mpendae na Mwanakwerekwe wanajua jinsi masika yanavyoweza kuyajaza maji mabonde ya sehemu hizo. Hewa hukandamizika, lakini maji hayakandamiziki. Gari likipita katika maji mengi, injini ikayafyonza kupitia chujio la hewa, pistoni hukutana na kitu kisichokubali kubanwa, na konrodi hupinda. Gari likizimika ndani ya maji lisiwashwe tena. Lisukumwe hadi nchi kavu, betri ifunguliwe, aitwe fundi atoe plagi na kuyaondoa maji katika silinda kwanza. Dereva anayejaribu kuwasha "mara moja tu" huweza kuigeuza kazi ya asubuhi moja kuwa ununuzi wa injini.

KUPIMA GARI KWA KOMPYUTA

Magari ya zamani yalikuwa na kabureta, na fundi aliyatengeneza kwa sikio na bisibisi. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopokea habari kutoka kwenye sensa na kuamua kiasi cha mafuta. Marekani ililazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996 kuwe na mfumo mmoja wa kusomea hitilafu, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, ambamo mashine ya kusomea huchomekwa. Mashine hutoa namba: P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0171 maana yake hewa imezidi mafuta.

Msaada huu ni mkubwa, lakini una mipaka miwili. Kwanza, namba hutaja hali, haitaji spea. P0171 haisemi "nunua pampu". Hewa huweza kuzidi kwa mpira uliopasuka, kwa sensa ya hewa iliyochafuka, kwa chujio la mafuta lililoziba au kwa pampu dhaifu. Zote nne hutoa namba ile ile. Pili, kompyuta huandika hitilafu ile tu iliyofundishwa kuitambua. Gari laweza kuwa na hitilafu na taa ya injini isiwake. Kwa hiyo fundi asisome namba peke yake. Asome pia vipimo vinavyoendelea injini ikiwaka, hasa joto la maji na volti.

DAFTARI LA GARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la chama ni mali, na daftari lake liwe mbali na daftari la fedha. Kila safari ya kujaza mafuta iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa na lita zilizotiwa. Kila tengenezo liandikwe dalili iliyokuwapo, kipimo kilichofanywa, kilichoonekana, kitu kilichotiwa na kitu kilichotolewa. Spea kuukuu irudishwe ofisini na kuhifadhiwa walau mpaka kikao kinachofuata.

Hesabu ya matumizi ya mafuta ni rahisi. Tanki lijazwe pomoni na kilomita ziandikwe. Likijazwa tena pomoni, kilomita zilizokwendwa zigawanywe kwa lita zilizoingia. Gari la mfano lilipokuwa zima lilikwenda kilomita 400 kwa lita 40, yaani kilomita 10 kwa lita moja. Lilipougua lilikwenda kilomita 384 kwa lita 48, yaani kilomita 8 kwa lita. Hesabu hii haitaji mwizi wala haitaji spea. Husema tu kwamba pana jambo limebadilika, na lini lilianza kubadilika.

Katibu akiletewa hati ya matengenezo na aulize maswali matatu: Kipimo gani kimefanywa? Kimeonyesha nini? Baada ya kutia spea hii, kipimo kile kile kitasoma nini? Fundi mwema hachukii maswali hayo. Huyapenda, kwani humkinga na lawama. Kuuliza si ujinga.

MWISHO WA KISA

Katika wiki mbili zile za kuahirishwa, katibu alikusanya risiti za kituo cha mafuta na kuzipanga kwa tarehe, akaanza kupiga hesabu. Ikaonekana kwamba matumizi yalikuwa kilomita 10 kwa lita mpaka masika, na baada ya masika yakashuka hadi 8 na kusimama hapo, wiki baada ya wiki, pasipo kupanda wala kushuka. Mzee mmoja wa halmashauri alipoiona hesabu ile alisema kwamba mwizi hana kipimo kilicho sawa namna hiyo.

Kisha gari likapelekwa kwa fundi mwingine. Fundi yule alichomeka mashine, na mashine haikutoa namba yoyote. Hakuishia hapo. Alimwambia dereva aliendeshe gari kwa nusu saa, naye akiangalia vipimo. Joto la maji lilisimama kwenye nyuzi 58. Fundi akamwuliza dereva, "Mzee wangu, gari hili limewahi kuchemsha?" Dereva akaeleza habari ya masika, na kile kitu kilichotolewa kikatupwa.

Hapo jambo likawa wazi. Sensa ya joto ilikuwa nzima na ilisema kweli: maji ni baridi. Kompyuta nayo ilikuwa nzima na ilitii: injini iliyo baridi hupewa mafuta zaidi mpaka ipate moto. Kwa kuwa thamostati haikuwapo, moto ule haukufika kamwe, hasa katika safari za alfajiri. Mafuta yakawa yanazidi kila siku, plagi zikapakwa masizi, na injini ikamisi. Plagi, nozeli na pampu zilizobadilishwa au kusafishwa hazikuwa na kosa. Katika gari lile hapakuwa na kitu kibovu. Palikuwa na kitu kilichokosekana. Na kilikosekana pia katika daftari.

Thamostati mpya ilitiwa pamoja na plagi safi, na rejeta ikakaguliwa isije ikavuja tena. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na bei ya pampu peke yake. Tanki lilipojazwa mara mbili zilizofuata, hesabu ilirudi kwenye kilomita 10 kwa lita.

Kikao kilipokutana, katibu alisoma hesabu zote kwa sauti, na mwenyekiti akaagiza iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba dereva hakuwa na hatia. Yule mjumbe aliyependekeza aachishwe kazi alisimama akamwomba radhi mbele ya wote. Dereva alipokea radhi ile, kisha akaomba jambo moja tu: tangu siku ile daftari la gari likae ndani ya gari, naye awe akilitia saini kila jioni.

Fedha za pampu hazikurudi. Lakini chama kilijifunza kwamba hitilafu isiyopimwa huanza kwa kula fedha za wanachama, na mwisho hula kuaminiana kwao, jambo ambalo halina spea dukani.

MASWALI YA KUJADILIWA NA KIKUNDI

1. Kwa nini plagi mpya ziliponya gari kwa siku kumi tu? Jambo hilo lilipaswa kuwafundisha nini viongozi wa chama?

2. Gari la chama linanguruma lakini haliongezi mwendo penye mwinuko. Kikundi kieleze mambo mawili ya kupimwa kabla ya kufungua injini.

3. Gari limekwenda kilomita 315 na kujazwa lita 35. Safari iliyofuata limekwenda kilomita 306 na kujazwa lita 36. Kikundi kipige hesabu ya kila safari. Je, tofauti hiyo yatosha kumshuku mtu, au yapasa kwanza kuulizwa habari za mzigo na njia?

4. Katika daftari la chama chenu, tengenezo la mwisho la gari au mashine limeandikwaje? Je, mtu asiyekuwapo siku ile aweza kujua kilichotiwa na kilichotolewa?

5. Halmashauri iweke utaratibu gani ili mtumishi asihukumiwe kabla ya kifaa alichokabidhiwa kupimwa?